Msalishaji Aliyesali Macho Wazi

Alisali macho wazi. Mgeni yeyote aliyeingia katika jumuiya yetu ya sala aliligundua hilo kwanza, na wengi walidhani ni utovu wa adabu. Sisi wengine tulikuwa tumeinamisha vichwa, vitambaa vimeshuka hadi kwenye nyusi, na yeye anayetuongoza rozari anatazama mlango, anatazama migomba, anamtazama kuku wa mwenye nyumba akijipenyeza jikoni. Mara nyingine katikati ya fumbo la uchungu alinyoosha kidole bila kukatisha sala, na mtu mmoja akainuka kwenda kumfukuza kuku.

Padre mmoja kijana, aliyekuja kututembelea kutoka parokiani, alimuuliza baada ya misa, "Mama, mbona hufumbi macho?"

"Nilikuwa nafumba, Baba," akasema. "Siku moja nusura nilikose jibu lililokuwa mbele yangu."

Padre akacheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Jibu lenyewe lilihusu kilima changu na kaburi la mume wangu. Nitalieleza, lakini nataka kwanza mumwone alivyokuwa, maana wanaomsifu siku hizi wanamfanya mtakatifu wa kwenye picha, mwenye duara la dhahabu kichwani. Hakuwa hivyo. Tulimwita Msalishaji, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kwetu, nami nitamwita hivyo hivyo.

Alikuwa mwoga. Naandika kwa sababu ni kweli. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa daraja la magogo pale kijitoni, akalivuka kwa kutambaa huku amefunga kanga kiunoni mara mbili. Zaidi ya vyote aliogopa ziwa. Binti yake aliolewa Lundo, ufukweni, na kila mwaka baada ya mavuno Msalishaji alishuka mlima kumpelekea maharage, akarudi na usipa, dagaa wakavu wa ziwani. Wiki nzima aliyokaa kule alikaa amegeuzia ziwa mgongo. Hata chakula alikula hivyo. "Maji yanayopumua siyaamini," alisema.

Mlango wake ulikuwa na makomeo matatu. Kabla ya kulala aliyagusa yote, akasali, akayagusa tena. Nilikuwa mgeni katika ndoa yangu siku nilipomtania, "Mama, si umetufundisha Mungu ndiye mlinzi?"

"Ndiye. Na chuma cha komeo unadhani kakiumba nani?"

 

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Chama chetu cha ushirika kilikuwa kimelala usingizi ambao hatukujua ni wa kufa, ghala lake lina kufuli lenye kutu na popo ndani. Dawa ya mibuni, ambayo zamani ilitufuata kijijini kwa lori la chama, sasa ilikuwa kwenye maduka ya Mbinga mjini kwa mwenye uwezo. Kulikuwa na watu walioanza kung'oa mibuni. Na mitumba ilifika hata kwetu milimani. Msalishaji alijipatia koti la kiume, la buluu, lenye zipu mbili na kofia ya manyoya, la watu wa nchi za barafu. Baridi yetu ya mwezi wa saba anaijua kila aliyelala Umatengo, huku milimani kwetu, lakini yeye alilivaa hata mwezi wa kumi na mbili. Ukiona kitu cha buluu kinapanda kilima polepole kama mende aliyeshiba, ujue rozari inakuja.

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda na magari yao, kila mtu aliogopa mizani zao. Msalishaji aliogopa pia, lakini alikuwa na namna yake. Mnunuzi mmoja, kijana mpole kutoka mkoa mwingine, alikuwa anatundika gunia la Msalishaji kwenye mizani, Msalishaji akamwambia, "Subiri, mwanangu, tusali kwanza."

"Bibi, mimi Mwislamu."

"Vizuri. Omba dua yako, mimi nisali sala yangu. Mizani isikie zote mbili."

Kijana alitutazama, akaona hatucheki, akainua mikono. Walimaliza pamoja. Baada ya hapo alishusha gunia, akaigonga mizani kwa kiganja, akairekebisha, akapima upya. Sijui kama ilikuwa na kasoro ama aliona aibu tu. Ila tangu siku hiyo, akifika kijijini, alianza kwa kuuliza, "Bibi wa dua yuko wapi?"

Sasa ubaya wake. Alikuwa na kinyongo. Mbuzi wa jirani yake, mama mmoja aliyekuwa ng'ambo ya kijito, aliingia shambani akala maharage machanga, na Msalishaji hakusema na mama huyo kwa miaka miwili. Walikuwa jumuiya moja. Walikaa mkeka mmoja. Msalishaji alitusalisha Baba Yetu, na kila alipofika "kama tunavyowasamehe" alishikwa na kikohozi. Kikohozi kikavu, kifupi, kikaisha mara tu maneno yale yanapopita. Watoto walikingoja kikohozi hicho kama wanavyongoja kengele ya kutoka shule. Hakuna aliyethubutu kumsema. Nadhani hata Mungu alikuwa anamvumilia.

Na alikuwa na neno moja lililowaudhi watu: "Bado." Ungemwendea na hofu yako, ning'oe mibuni au niiache, mtoto aende Songea au abaki, naye angesema, "Nitaomba." Kesho yake ukiuliza, "Bado." Keshokutwa, "Bado." Mzee mmoja mcheshi alichoka, akamuuliza, "Mama, kwani maombi yako yanakwenda kwa posta?"

"Yanakwenda kwa miguu," akasema, "kama mimi."

Hakuwahi kudai kwamba Mungu amemnong'oneza. Watu waliokuja wakisema wameoteshwa aliwasikiliza, akawapa chai yenye sukari nyingi mno, akawasindikiza. Yeye alisema anaomba aonyeshwe, basi, na asipoonyeshwa anangoja.

Mume wangu alifariki mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikianza. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya shamba la kilimani, kama alivyotaka. Alisema anataka kulala mahali ambapo atasikia jembe langu.

Asiyetoka kwetu inafaa ajue hili. Milima yetu imesimama kama ukuta, na wazee wetu waliilima kwa ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba. Mwanamke anachimba katikati ya kila mraba, kwa udongo huo anafukia nyasi, hadi mlima mzima unabaki na mashimo kama sega la nyuki. Maharage yanaota kwenye kingo, na mvua ikinyesha kila shimo linapokea maji yake. Maji hayapati nafasi ya kukimbia.

Mwaka ule jembe langu lilikuwa limelala kwa msiba. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa amerudi kutoka kufanya vibarua mashamba ya bondeni. Alitaka kunisaidia, sitamsingizia. Alisema ngoro ni kazi ya kizamani, inachosha wanawake bure. Akachoma nyasi zote za kilimani, akapiga matuta marefu yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, kama alivyoona wanavyolima kwenye tambarare, ili maji yapite haraka yasiozeshe mahindi.

Nilimwona. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa msiba, na nilijua. Kwetu hata msichana wa miaka kumi anajua. Sikusema neno, kwa sababu sikujali kama mlima utasimama au utaanguka. Hilo ni kosa langu, si lake peke yake.

Mwezi wa tatu mvua ilikuja kwa nguvu, na maji yakafanya alichoyatengenezea shemeji. Yalipita haraka. Yalishuka ya njano, yamebeba mawe. Siku ya kwanza yalichukua banda la mbuzi, mbuzi wakaponea chupuchupu. Siku chache baadaye, mchana, yalifika kaburini. Nilitoka nikakuta msalaba umelala upande na udongo wa kichwani umemegeka kiasi cha karai moja. Kutoka pale hadi ukuta wa chumba walicholala wanangu watatu ni hatua kumi na mbili.

Shemeji alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. "Shemeji, mlima umekukataa. Uza shamba, nenda kwa kaka yako mjini. Mvua nyingine kama hii, utazika na watoto."

Alisema kweli kuhusu mvua nyingine. Lakini kuondoka maana yake ilikuwa kumwachia maji mume wangu. Na kukaa ilikuwa kuwaweka watoto mbele ya mawe. Niliwapeleka walale kwa majirani, kisha nikaenda kwa Msalishaji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, umelowa. Kaa karibu na moto."

"Niulizie kwa Mungu. Nikae au niondoke?"

"Mbona usimuulize mwenyewe?"

"Hatuongei," nikasema. Tangu siku ya maziko sikuwa nimesali hata neno. Nilikwenda jumuiya nikachezesha midomo.

Nilitegemea karipio. Alisukuma kuni ndani ya moto, akafikiri. "Basi nitamuuliza mimi. Na nitamwambia kwamba umemnunia, asije akasikia kwa watu."

Kesho yake alfajiri alipanda na koti lake, akapiga magoti kando ya kaburi, akafumba macho. Manyunyu yalimpiga. Alikaa pale muda wa kupika ugali na kuula. Akainuka. "Bado."

Siku ya pili, vilevile. "Bado."

Shemeji alikuwa amesimama barazani. "Mungu wenu kaenda mnadani," akasema kwa sauti. "Ngojeni arudi na sukari."

"Akirudi atakupa na wewe kijiko," Msalishaji akamjibu, akashuka zake.

Siku ya tatu mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti. Alipiga magoti, akafumba macho, na mvua ikaanza kweli. Ndipo radi ikapiga, karibu, ile ambayo unaisikia kwenye meno. Nimesema aliiogopa radi. Alistuka akapiga kelele kama mtoto, akafumbua macho, na alipofumbua alikuwa amegeukia ng'ambo ya kijito.

Hakuinuka. Alibaki pale, mkono umefunika mdomo, anatazama. Nilimwendea nikidhani ameumia.

"Amejibu," akasema.

"Amesema nini?"

"Hajasema. Ameonyesha. Tazama kwa yule mwanamke."

Ng'ambo lilikuwa shamba la yule jirani ambaye mbuzi wake alikula maharage. Mvua ile ile, mteremko ule ule, na shamba limetulia. Mashimo yake ya ngoro yalikuwa yamejaa maji, yanang'aa safu kwa safu, kama vikombe mezani siku ya harusi. Na kwangu maji ya njano yalikuwa yanakimbia kwenye matuta.

"Siku tatu namwomba anionyeshe," Msalishaji akasema, "na nimefumba macho! Mjinga mimi. Kesho kila nyumba ya jumuiya ije na jembe na tita la nyasi."

Nyasi zangu zilikuwa zimechomwa, na ngoro bila nyasi haishiki. Aliyekuwa na nyasi nyingi karibu ni mmoja tu, yule wa ng'ambo. Msalishaji alivuka kijito mwenyewe, kwa kutambaa juu ya magogo, na maji yamejaa chini yake. Aliyozungumza huko sikuyajua, hakunieleza hadi mwisho. Alirudi macho mekundu, akasema tu, "Atakuja."

Asubuhi wanawake kumi na mmoja walipanda na majembe begani na matita kichwani. Mmoja aliuliza kwa sauti, "Kwani jumuiya imenunua ng'ombe?" Wa mwisho alikuwa yule jirani, na tita lake lilikuwa kubwa kuliko yote, hata uso hauonekani.

Msalishaji alitupanga. Safu moja mashimo kumi, na kwa kila shimo Salamu Maria moja. Mwanzoni mwa kila safu, Baba Yetu. Mafumbo yote kumi na tano, mashimo mia na hamsini, kuanzia juu hadi kwenye kaburi. "Leo tutaisali rozari polepole inavyostahili," alisema, "maana shimo halichimbwi mbiombio."

Baba Yetu wa kwanza tulisali huku masikio yote yakingoja. Akafika "kama tunavyowasamehe." Akapita. Hakukohoa. Yule aliyeuliza habari za ng'ombe akapaza sauti, "Jamani, kikohozi kimepona!" Mlima mzima ukacheka, na waliocheka zaidi ni wale wawili wenyewe, wameshikiliana wasianguke.

Mafumbo ya furaha tuliyamaliza kabla jua halijapanda sana. Katika mafumbo ya uchungu tulichoka, mikono ikachubuka, na nyasi za wanawake zikaanza kuisha. Shemeji alikuwa chini, mikono kifuani. Sikumwona akiondoka. Nilimwona tu yuko ng'ambo na nyengo, lile panga lililopinda, anafyeka, kisha anapanda na tita, analaza miraba mbele yetu. Hakuna aliyemsemesha isipokuwa Msalishaji.

"Mwanangu, mraba huo umepinda. Nyoosha."

Akanyoosha.

Safu ya fumbo la kusulubiwa iligawanywa, na shimo la saba likawa langu. Nilikuwa nachimba kimya tangu asubuhi. Nilipiga jembe, nikakumbuka aliyetaka kulisikia, na nikatoa sauti. Salamu Maria yote, hadi mwisho. Ilitoka kwa hasira, lakini ilitoka.

Mvua ilitukuta kwenye mafumbo ya utukufu. Tulibakiza safu mbili. Anga lilifunga, radi zikaanza, nami nikamtazama Msalishaji nikijua atakimbia. Hakukimbia. Alisimama juu ya safu ya mwisho, kofia ya manyoya imelowa imelala usoni, akaendelea kusalisha kwa kupiga kelele, na sisi tukachimba tukipiga kelele, hadi shimo la mia na hamsini, pale pale upande wa juu wa msalaba.

Kisha tukasimama kutazama. Maji yalikuja kutoka kileleni kama siku zile nyingine, ya njano, yenye haraka. Yakaingia kwenye safu ya kwanza. Ikajaa. Yakafurika kidogo hadi ya pili. Ikajaa. Yakaendelea kushuka, kila safu ikiyapunguzia mwendo na kuyanyang'anya udongo, na tulikuwa tunahesabu kwa sauti, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Safu ya kumi na tano ilijaa hadi ukingoni. Maji yakatetemeka pale, hatua mbili kutoka kwa mume wangu.

Yakakaa.

Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika hadi barabarani. Shemeji aliusimamisha msalaba akaushindilia kwa mawe, analia bila kujificha.

Sikuuza. Mibuni sikuing'oa. Wanangu walikua chini ya kilima kile, na maharage ya mwaka ule tuliyagawa kwa nyumba zote zilizokuja na jembe. Sisemi kwamba kila alichoomba Msalishaji alikipata. Aliomba miaka mingi chama chetu kifufuke, na ghala lina popo wake mpaka leo. Alipoulizwa, alisema, "Bado."

Alipozeeka, binti yake alimchukua akakae naye Lundo. Nilishuka kumwona mara moja, na ndiyo ikawa ya mwisho. Nilikuwa nimebeba maharage ya kilimani na moyo mzito, nikijua nitamkuta ndani, mgongo kwa ziwa.

Nilimkuta mchangani, amelielekea. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini yalikuwa wazi. Koti la buluu alikuwa nalo, kwenye joto lile. Mbele ya magoti yake alikuwa amechimba vishimo kwa kidole, kumi kwa safu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Wa kilimani wewe. Maji yalipita?"

"Hayajawahi kupita tena, Mama."

Akacheka, akapapasa mchanga nikae. Nikamuuliza jambo nililokuwa nalo miaka yote: siku ile tuliyochimba, radi zikipiga, alipata wapi ujasiri?

"Ujasiri?" Akainamia sikio langu. "Mwanangu, nilijikojolea. Ulidhani lile koti limelowa kwa mvua tu? Nilimshukuru Mungu kwa kuleta maji mengi, akanisitiri."

Tulicheka hadi wavuvi waliokuwa wanaanika usipa wakageuka. Wimbi likaja likajaza vishimo vyake, likarudi. Hakustuka. Alingoja mchanga utulie, akaanza kuchimba upya.

"Mnaongea siku hizi?" akauliza.

"Tunaongea, Mama."

"Macho?"

"Wazi."

"Basi leo salisha wewe. Mimi nimechoka."

Sikuwa nimewahi kusalisha mbele ya mtu. Niliogopa, nikasogeza magoti karibu na yake, nikachoma kidole mchangani, shimo la kwanza, nikalitazama ziwa lote, nikaanza.